Friji za Mabibi Harusi wa Ilembuka

Pua ilipogeuka kuelekea nyumbani kwa mama mkwe wangu, niliipiga kofi. Kwa kawaida sipigi vyombo vya serikali, lakini asubuhi ile ilikuwa imenichosha. Tangu tuingie Ilembuka ilikuwa inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani, na kila nikiielekeza kwingine mrija wake unajipinda kurudi kulekule, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya Mama Kihwele.

"We kifaa," nikaiambia, "una wazimu. Pale hakuna kiwanda. Pale kuna bibi kizee na vikapu."

Pua haibishani na mtu. Ikazidisha kelele.

Mimi ni mnusaji wa Mamlaka ya Anga, wilaya ya Njombe. Kazi yangu ni kubeba Pua mgongoni na kuifuata inakonipeleka, iwe bondeni, iwe kwenye mashamba ya viazi, iwe chooni kwa watu. Inatafuta ukoo mmoja tu wa gesi, zile zenye klorini ndani yake, ambazo viwanda vya zamani vilizitia kwenye friji, kwenye makopo ya kupulizia, na kwenye sponji. Zilipendwa sana enzi zake. Hazinuki, haziwaki moto, unaweza kulala nazo chumba kimoja usikohoe. Ubaya wake haupo huku chini. Hupanda polepole, miaka na miaka, mpaka kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua, na huko juu mionzi huzivunja na klorini ikatoka. Basi hapo ndipo balaa. Chembe moja ya klorini huvunja ozoni, ikabaki huru, ikavunja nyingine, na nyingine, maelfu kwa maelfu. Ni mgeni anayemaliza mboga ya nyumba nzima na haagi.

Wazee wa mataifa walizipiga marufuku, na anga likaanza kupona. Sifa zao wapewe. Halafu dunia ikalegea, wajanja wakarudi kuzipika kichinichini kwa sababu ni rahisi, na sisi tukarithi Pengo la Pili, tundu jipya la ozoni. Huku nyanda za juu hewa ni nyepesi hata siku njema. Tukawa watu wa kutoka alfajiri, kujifungia ndani jua likikolea, na kutoka tena jioni kama popo.

Mwanangu Skola hakuwa anapata hata hiyo jioni. Skola ana ualbino. Ngozi yake ilikuwa inaungua kwa mwanga wa dirishani. Alikuwa amefikisha umri wa kuvunja ungo na hajawahi kusimama nje saa sita mchana, hata siku moja. Madoa mawili ya saratani daktari alishamtoa shingoni, na alituambia wazi kwamba la tatu huenda lisitoke kirahisi. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za ozoni, mimi sisikii sayansi. Nasikia shingo ya mwanangu.

Na wiki ile Njombe ilikuwa inasubiri Paa.

Paa ni maputo. Yanarushwa juu kupita njia za ndege, yanakula jua, yanapiga cheche kwenye oksijeni na kutengeneza ozoni mpya juu ya wilaya nzima. Maputo hayatoshi dunia yote, kwa hiyo wilaya zinapewa kwa zamu, na sharti ni moja ambalo hata mtoto anayenyonya huku kwetu analijua: atoboaye haezekewi. Likigunduliwa vujo la gesi kwenye wilaya yako kabla maputo hayajapanda, yanahamia kwa jirani, na wewe unarudi mwisho wa foleni. Foleni yenyewe ni ndefu kuliko maisha ya mtu.

Sasa elewa kwa nini niliipiga Pua kofi.

* * *

Banda la Mama Kihwele lilikuwa limejaa akina mama, nyimbo, na vumbi la njano. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na kikwaruzo chake cha karoti, wanakuna vipande vya sponji ngumu mpaka vinakuwa unga. Unga ule wanaushindilia kwenye mito ya kitambaa, mito wanaipanga ndani ya kikapu, na hapo unapata kikapu cha kupikia. Unachemsha maharage kidogo, unatumbukiza sufuria ndani, unafunika, unakwenda zako kanisani. Ukirudi yameiva. Wilaya nzima ilikuwa imepunguza mkaa kwa ajili ya vikapu vile, na misonobari ilikuwa imesimama salama. Mamlaka yenyewe iliwahi kuwapa cheti.

Kando ya ukuta, kuanzia mlangoni hadi kona ya mwisho, zilisimama friji. Friji zilizokufa, rangi ya maziwa, baadhi zimeshapasuliwa mbavu na sponji ya njano imetokeza.

Pua ililia hadi nyimbo zikakoma.

"Kamwene, mama," nikasema, na nikainama kidogo, maana mkwe ni mkwe hata dunia ikiwaka.

"Kamwene, mwanangu. Hilo dude lako lina njaa?" Akina mama wakacheka. "Lipe maharage."

"Mama, naomba tuzungumze nje."

"Nje jua limeshapanda. Sema hapahapa, hawa wote ni watu wako."

Nikaizima Pua. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, nikachukua kipande cha sponji mkononi mwake. "Mama, hii ndiyo inayotoboa anga."

Kisha Mama Kihwele akanionyesha kibandiko cha kijani kwenye mlango wa friji iliyokuwa karibu. Kiliandikwa SALAMA.

"Nyinyi wenyewe ndio mlipita nyumba kwa nyumba," akasema. "Mkanyonya gesi kwenye mabomba, mkabandika hiki. Mimi sikusoma sana, lakini salama ni salama."

Na alikuwa sahihi, jamani, ndilo lililoniuma. Mafundi wa Mamlaka walinyonya gesi ya kwenye mabomba, ile ya kupozea, wakaondoka. Hakuna aliyefikiria kuta. Sponji ya kwenye kuta za friji zile ilipulizwa kiwandani kwa gesi ya marufuku, na gesi imebaki humo, kila kitundu kidogo cha sponji kina yake imejifungia. Ukiiacha, inavuja kidogo kidogo kwa vizazi. Ukiikuna kwa kikwaruzo cha karoti, unaifungulia mlango.

Na kwingine duniani friji hizo zingeshazikwa zamani. Kwetu haziwezi kuzikwa. Friji ni zawadi ya bibi harusi. Siku ya kumuaga, shangazi zake wanaibeba kwa nyimbo, na haiingii kwa mume tupu, lazima ndani iwe na unga na maharage ya mbegu. Ikifa, mwanamke haitupi, kwa sababu kuitupa ni kuwaambia shangazi zako kwamba ndoa yako imekwenda jalalani. Inakuwa kabati. Kila nyumba ya Ilembuka ina kabati la namna hiyo. Hizi za bandani ni zile ambazo wenyewe walifariki, watoto wakaona heri zifanye kazi ya maana kuliko kukaa bure.

Mama Kihwele alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikwaruzo chini taratibu na kujifuta mikono kwenye kitenge, akafuta tena, akafuta tena.

"Maputo yanapanda Jumapili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ukiandika hili?"

"Hayapandi."

Akanishika mkono kwa nguvu. Sijawahi kumwona mama yule anaogopa. Alizika mume na watoto wawili akiwa amesimama wima. "Basi usiandike," akasema kwa sauti ya chini. "Tutaacha kukuna leo hii. Sponji tutaifukia. Mama Skola, mwanangu, yule mtoto atakufa ndani ya nyumba."

Nilitaka kukubali. Nasema waziwazi, nilitaka mno. Ukiitia Pua vumbi la mkaa kwenye mrija, siku nzima hainusi kitu. Nilikuwa najua, mkaa ulikuwepo, na hakuna ambaye angeniuliza. Baba Skola yuko Mbeya kazini. Hata yeye asingejua.

"Ukiifukia, itaendelea kutoa gesi chini ya udongo," nikasema. Nilikuwa najibishana na nafsi yangu zaidi kuliko nilivyomjibu yeye. "Inaharibiwa kwa tanuri moja tu, la moto mkali sana, na tanuri ni la Mamlaka. Haliji bila taarifa."

"Basi itoe. Itoe kidogo kidogo. Kwani inatoboa juu ya Njombe?"

"Hapana. Inazunguka dunia nzima."

"Ahaa! Sasa unaona?"

"Naona, mama. Kuna mama mwingine mahali, ana mtoto kama Skola, na yeye ndiye atakayepata tundu letu. Sisi tutakuwa tumekaa chini ya Paa, tunakula viazi."

Sikuwa na ushujaa wowote, machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kidevuni na vumbi la njano limeganda usoni kama mganga wa kienyeji. Mama mmoja akaanza kuvuta kamasi kule nyuma, wakafuata wengine.

Mama Kihwele akauliza. "Hakuna msamaha wowote kwenye sheria yenu? Hata Mungu ana msamaha."

"Kuna mizani," nikasema. "Wanapima gesi iliyotoroka, wanapima gesi mliyoikamata na kuikabidhi. Mkikamata nyingi kuliko mliyoitoa, kosa linafutika. Lakini wilaya zote zilizojaribu zilishindwa. Watu hawatoi friji zao, mama. Wanazificha."

"Hizi hapa hazitoshi?"

Nikaangalia ukuta mzima, nikakadiria zilizopasuliwa na zilizobaki. "Hazifiki hata karibu."

Kisha akasimama, magoti yakilia, akajifunga kitenge upya kiunoni.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Washa dude lako. Andika."

* * *

Mkaguzi aliletwa kutoka makao makuu, mama mmoja wa Tanga anaitwa Shekiondo, ambaye baridi ya Njombe ilikuwa imemvua heshima yote. Alishuka kwenye gari la tanuri akiwa amevaa makoti mawili na blanketi, meno yanagongana.

"Nyie mnaishije huku?" akaniuliza hata kabla ya salamu.

"Kwa uji, bibi mkaguzi."

"Nipeni basi huo uji."

Alikunywa vikombe viwili ndipo akapata nguvu za kutuhukumu. Akapima vumbi la bandani, akapima vikapu vilivyokwisha kuuzwa, akapima mpaka nguo za akina mama. Akatikisa kichwa. Tanuri litakuwepo mpaka Jumamosi jioni, akasema, halafu linaondoka kwenda Ludewa. Kitakachokuwa kimeingia ndani ya tanuri ndicho kitakachopimwa. Hakuwa na ukatili, ila alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda, kwa sababu alishaona wilaya nyingine zikijaribu.

Mama Kihwele hakuhutubia mtu. Alikwenda nyumbani kwake, akafungua friji yake mwenyewe, ile aliyoingia nayo kwa marehemu Mzee Kihwele, akatoa unga, shuka za wageni, meno yake ya bandia ya akiba, na chupa ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambayo sote tulijifanya hatukuiona. Akaita wajukuu waibebe. Ikapita katikati ya kijiji saa kumi na mbili asubuhi, na yeye nyuma yake anaimba ule wimbo wa shangazi wa siku ya kuaga, peke yake, kwa sauti yake iliyochakaa. Ule wimbo unaimbwa friji ikiingia. Hakuna aliyewahi kuusikia friji ikitoka.

Watu wakatoka milangoni. Wazee wengine walikasirika. Mmoja akasema hii ni laana, mwanamke anajivunjia nyumba hadharani. Mama Kihwele akamjibu bila kugeuka: "Nyumba yangu ni yule mtoto. Hii ni kopo tu."

Ya pili ilitoka kabla ile yake haijafika kwenye tanuri. Kisha mbili kwa mpigo. Ijumaa tukasikia kule Uwemba wameanza. Habari zilipita kwenye jumuiya za kanisa na kwenye vikundi vya akina mama haraka kuliko simu. Friji zilikuja kwa mikokoteni, kwa trekta, kwa vichwa vya wajukuu, na kila moja na nyimbo zake. Moja ililetwa ikiwa na kuku anaatamia ndani, na mwenyewe akakataa katakata kumwamsha, ikabidi tanuri zima lisubiri mpaka kuku ahamishwe na mayai yake kwa adabu. Mkaguzi Shekiondo alicheka mpaka blanketi likamdondoka.

Kuna waliokataa, sitadanganya. Kuna bibi mmoja aliketi mlangoni kwake na friji nyuma yake siku mbili, analia, na hakuna aliyemlazimisha. Wifi yangu alikuja na yake usiku wa Ijumaa, akaondoka nayo, akarudi nayo tena asubuhi, uso umevimba. Nilimkumbatia. Mimi pia nilipeleka ya kwangu, ambayo bado ilikuwa inafanya kazi kidogo, na nikashangaa jinsi moyo ulivyoniruka ilipoingia motoni. Nilimfikiria shangazi yangu Editha aliyeipeleka mgongoni kwa vile njia ilikuwa matope.

Jumamosi alasiri tanuri lilikuwa linanguruma tu, na mkaguzi amekaa mbele ya kioo chake cha vipimo. Watu walijaa hadi barabarani, wamejifunika khanga na kofia, maana jua lilikuwa bado kali na hakuna aliyetaka kuondoka. Skola alikuwa ndani ya gari langu, vioo vimepakwa rangi nyeusi. Alikuwa ananitumia ujumbe kila baada ya muda mfupi: *Bado?* Nami namjibu: *Bado.*

Jua lilipolegea mkaguzi akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilitaka kumpiga kofi kama Pua.

"Nimepima," akasema, "na nimepima tena, kwa sababu sikuamini. Kilichokamatwa kimezidi kilichotoroka." Akatugeuzia kioo cha vipimo. "Kimezidi mbali. Njombe inaezekwa."

Sijui nilifanya nini. Wanasema nilipiga ukelele mmoja nikakaa chini kwenye matope. Ninachokumbuka ni vigelegele, na Mama Kihwele amenivuta kichwa kifuani pake, ananipigapiga mgongoni kama mtoto anayebeulishwa, huku akirudia, "Tumepona, mwanangu. Tumepona." Mwili wote ulikuwa mwepesi kwa raha, kama wa mtu aliyeshusha kuni alizobeba tangu juzi. Mzee yule aliyesema laana alikuwa anacheza peke yake katikati ya barabara. Hakuna aliyemkumbusha.

Akina mama wakaanza palepale kuulizana vikapu vitajazwa nini. Mmoja akasema maranda ya msonobari, mwingine akasema manyoya ya kondoo, wakabishana mpaka giza likaingia.

* * *

Maputo yalipanda Jumapili. Kwa macho hayaonekani. Mamlaka walisema tusubiri mwezi, ozoni ijae, halafu watatupa ruhusa. Mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko mimba.

Siku ya ruhusa nilimpaka Skola mafuta, nikampaka tena. Nikamvisha kofia pana, miwani, mikono mirefu. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba Paa halimfanyi mtu mwenye ualbino kuwa jiwe. Linamrudishia tu jua la zamani, jua ambalo kofia, mafuta na kivuli vinaliweza. Mimi hilo jua la zamani sikuwahi kuliona. Nilikuwa nalipokea kwa maelezo.

Saa sita mchana akafungua mlango. Mimi na bibi yake tulikuwa nyuma yake, tumeshikana mikono kama wezi waliokamatwa. Akatoka. Akasimama uwanjani, akaangalia kivuli chake, kifupi, kimejikunja miguuni pake. Wasichana wa jirani walikuwa wanacheza netiboli, wakamwita. Akaenda.

Hajui kucheza, masikini. Macho yake hayaoni mbali, mpira ulimpita mara zote, na mara moja ukampiga tumboni. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Mama Kihwele alikuwa anasali kwa Kibena, haraka haraka.

Haikuchukua muda akarudi akikimbia, uso mwekundu, jasho linatiririka, kofia imekaa upande. Nikamdaka mabegani. Nikageuza shingo yake, nikakagua, nikakagua tena. Hakuna kitu. Jasho na vumbi.

"Nini? Nini, mwanangu? Unaumwa wapi?"

"Siumwi," akasema kwa hasira, ananisukuma mikono. "Mama, kuna joto! Mbona hamkuniambia jua linachosha hivi? Na yule Editruda wa jirani ananicheka."

Nikamwangalia Mama Kihwele, naye akaniangalia, akaanza kucheka, nami nikacheka huku nalia, mpaka mtoto akatuona wendawazimu.

"Ndivyo lilivyo," nikamwambia. "Linachosha. Kanywe maji, upumzike kivulini, halafu ukitaka urudi."

Akanywa maji, akakaa kidogo. Halafu akarudi.